Jua, Moyo na Mahali pa Kukaa

Ndugu msomaji, huenda unasoma ukurasa huu ukiwa umekaa barazani unaota jua. Au huenda umekimbilia chini ya mwembe kwa sababu jua ni kali mno. Jua ni lile lile. Mmoja analitafuta, mwingine analikimbia. Katika sura hii tutazungumza juu ya jua na moyo wa mtu. Tutaona pia kama ni kweli kwamba watu huchagua mahali pa kukaa kwa kulifuata jua.

Nitaanza na habari zangu mwenyewe.

Ukungu wa Juni

Mimi nilizaliwa Kongwa, katika mkoa wa Dodoma. Kwetu jua si habari. Miezi mingi ya mwaka hatuoni tone la mvua. Mtu akitazama mbinguni, anatafuta wingu.

Nilipopata kazi ya elimu ya watu wazima, nilipangiwa milimani, wilaya ya Lushoto. Nilifika mwezi wa Februari. Niliona migomba, vijito vya maji na mboga za kila aina. Nikasema moyoni, "Hapa ndipo nitakapozeekea."

Halafu ukafika mwezi wa Juni. Asubuhi nilifungua mlango nisione choo kilipo. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Nguo zilikaa kambani siku tatu bila kukauka. Nilianza kulala sana. Nilikula sana, hasa ugali na viazi, lakini sikuwa na nguvu. Sikutaka kuzungumza na mtu. Hata simu za nyumbani sikupokea. Nilidhani nina malaria. Nikaenda zahanati, nikapimwa, hawakuona kitu.

Katika darasa langu alikuwapo mama mmoja mtu mzima. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, una nini siku hizi? Unafundisha kama mtu anayesinzia."

Nikamjibu, "Sijui, mama. Moyo umekuwa mzito tu."

Akaniuliza, "Ukungu unapopanda, saa nne, wewe huwa wapi?"

Nikasema, "Huwa ndani. Nimefunga dirisha kwa sababu ya baridi."

Akacheka. Akasema, "Basi jua linakuja, linakukosa, linaondoka. Sisi saa hizo tuko shambani. Kesho lete kiti chako nje."

Nilifanya hivyo. Kila siku saa nne nilitoka na kiti, daftari na kikombe cha chai. Akina mama waliopita njiani walisimama tukazungumza. Baada ya majuma mawili nilijiona nimepata nafuu. Siwezi kuapa kwamba ni jua peke yake lililoniponya. Huenda ni yale mazungumzo. Lakini tangu siku ile nilitaka kujua: jua linamfanya nini mtu?

Saa iliyo ndani ya kichwa

Unajua kwamba jicho ni la kuonea. Lakini jicho lina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, mna chembe ndogo sana ambazo kazi yake kubwa si kuona vitu. Kazi yake ni kupima mwanga. Zinapopata mwanga, hupeleka habari kwenye ubongo.

Katika ubongo mna sehemu ndogo inayofanya kazi kama saa. Saa hiyo huuambia mwili wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Giza likiingia, mwili hutengeneza dawa yake wenyewe ya usiku. Dawa hiyo huitwa melatonini. Mwanga wa asubuhi ukifika, dawa hiyo hupungua, nawe unachangamka. Saa ya ukutani hurekebishwa kwa mkono. Saa ya mwilini hurekebishwa kwa mwanga, hasa mwanga wa asubuhi.

Sasa fikiri habari za mtu anayeshinda ndani ya nyumba yenye dirisha dogo. Macho hutudanganya. Tukikaa ndani muda kidogo, tunaona kama mwanga unatosha. Lakini hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huwa mkubwa mara nyingi kuliko mwanga wa ndani. Yule mama hakusoma habari hizi mahali popote. Aliziona kwa macho yake, kwa kuwatazama watu wa kijiji chake miaka mingi.

Jua lina faida nyingine pia. Likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, nayo huimarisha mifupa. Lakini usilitazame jua lenyewe, maana huharibu macho. Na ndugu zetu wenye ualbino wajifunike vizuri kwa kofia pana na mikono mirefu. Ngozi yao haina kinga, na jua kali huwaletea saratani ya ngozi.

Nchi ambako jua hupotea

Ukungu wetu wa mlimani huondoka saa nne. Ziko nchi ambako jua lenyewe huondoka, likakaa huko majuma mengi. Tufanye jaribio ili tuone sababu yake.

Chukua chungwa. Lichome kwa kijiti kirefu, kipite katikati kutoka juu hadi chini. Usiku washa kibatari, ulishike chungwa karibu nacho. Chungwa ni dunia. Kibatari ni jua. Sasa inamisha kijiti kidogo, ncha ya juu iwe mbali na moto. Kizungushe polepole. Utaona kwamba sehemu ya katikati ya chungwa hupata mwanga na giza kwa zamu sawasawa. Lakini ile sehemu ya juu kabisa hukaa gizani, hata ukizungusha mara kumi. Hivyo ndivyo dunia ilivyo. Imeinama, nayo huzunguka ikiwa imeinama hivyo hivyo.

Sisi tuko karibu na katikati. Kwa hiyo jua letu huchomoza karibu saa 12 na kuzama karibu saa 12, mwaka mzima. Pale Dar es Salaam, tofauti ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki saa moja. London, katika Uingereza, mambo ni mengine. Mwezi wa Desemba jua huchomoza saa 2 asubuhi, na kabla ya saa 10 alasiri limekwisha zama. Mtu huenda kazini gizani na kurudi nyumbani gizani. Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, ni zaidi ya hapo. Tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa.

Je, watu wa huko hujisikiaje? Wengi huzoea. Lakini wako wanaougua. Mwaka 1976 daktari mmoja kijana, Norman Rosenthal, alihama Johannesburg, Afrika Kusini, akaenda kukaa New York, Marekani. Wakati wa baridi, siku zilipokuwa fupi, aliona nguvu zake zimepungua na kazi zimelundikana. Siku zilipoanza kurefuka, nguvu zilirudi. Mwaka uliofuata ikawa vile vile. Mwaka 1984 yeye na wenzake waliandika habari za wagonjwa 29 waliokuwa na hali ya namna hiyo. Kila mwaka, giza la baridi linapokuja, walijaa huzuni, walilala mno, walikula mno. Kila mwaka, mwanga unaporudi, walipona. Madaktari wakaanza kuwatibu kwa taa kali. Mgonjwa hukaa mbele ya taa hiyo asubuhi, kwa kama nusu saa.

Niliposoma habari hizi nilikumbuka kiti changu na kikombe changu cha chai. Sisemi kwamba niliugua ugonjwa huo. Mimi nilikosa jua la asubuhi tu, wao hulikosa kwa miezi. Lakini nilimwelewa daktari yule.

Hapa nitasema neno moja la maana. Huzuni kubwa inayodumu majuma mawili au zaidi, mtu asile, asilale, aone maisha hayana faida, huo ni ugonjwa. Huitwa sonona. Huwapata watu wa penye jua na watu wa penye giza. Usimwambie mtu huyo akaote jua tu. Mpeleke zahanati au hospitali, na usimwache peke yake.

Mji uliovuta jua kwa vioo

Sasa utauliza: kama giza ni baya hivyo, kwa nini watu wasihame? Swali zuri. Jibu lake liko katika mji mdogo wa Norwei unaoitwa Rjukan.

Mji huu uko ndani ya bonde jembamba lenye milima mirefu pande zote mbili. Tangu mwishoni mwa Septemba mpaka mwezi wa Machi, jua hupita chini chini nyuma ya mlima. Mbingu unaiona ni nyeupe. Juu ya vilele unaliona jua linang'aa. Lakini chini mjini haufiki mwali hata mmoja. Karibu miezi sita ni kivuli.

Nani basi aliyefikiri kujenga mji mahali pale? Ni kazi iliyojenga. Kuna maporomoko makubwa ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, tajiri mmoja, Sam Eyde, alitaka kutumia nguvu za maji hayo kutengeneza umeme, na kwa umeme huo kutengeneza mbolea ya chumvichumvi. Kituo cha umeme kilijengwa, viwanda vikajengwa, na wafanyakazi wakaja kwa maelfu. Walijua kwamba hakuna jua. Walikuja kwa sababu palikuwa na mshahara.

Lakini moyo haukusahau. Mwaka 1928 kampuni ile ilijenga gari la kuning'inia kwenye waya, la kuwapandisha watu mlimani. Unajua walipanda kufanya nini? Kuliona jua, basi. Wakishaota, wanashuka kurudi kazini.

Tena, tangu mwaka 1913 kulikuwa na wazo la kuweka vioo juu ya mlima ili virudishe mwanga mjini. Wakati ule halikuwezekana. Likalala miaka mingi. Baadaye msanii mmoja, Martin Andersen, alihamia Rjukan na familia yake. Yeye hakuzoea kile kivuli. Akalifufua lile wazo. Wako wananchi waliopinga, wakisema ni kupoteza fedha. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2013 vioo vitatu vikubwa viliwekwa mlimani, kama meta 450 juu ya mji. Kompyuta huvigeuza kulifuata jua. Mwanga huangukia uwanja wa katikati ya mji. Si mji mzima, ni uwanja ule tu. Siku ya kwanza watu walijaa uwanjani, wazee na watoto, wamekaa kwenye viti wakielekeza nyuso zao juu.

Mimi hufikiri sana habari za watu wale. Hawakuhama. Kazi, nyumba, ndugu na makaburi ya wazazi wao vilikuwa pale. Wakaona afadhali walilete jua kuliko wao kulifuata.

Je, penye jua ndipo penye furaha?

Wako pia waliolifuata. Katika Marekani, mji wa Phoenix uko katika jangwa la Arizona. Mwaka 1950 ulikuwa na watu kama 107,000. Mwaka 2020 ulikuwa na watu milioni 1.6. Watu wengi walikimbia theluji, wakavutwa na jua na kazi. Mashine za kupoza hewa ndizo zilizowawezesha kukaa pale. Lakini mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Katika wilaya ya mji huo, watu zaidi ya 600 walikufa mwaka ule kwa sababu zilizohusiana na joto. Kumbe jua lililowaita liliweza pia kuwaua.

Na furaha, je? Mwaka 1998 wataalamu wawili, David Schkade na Daniel Kahneman, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwauliza wanafunzi karibu 2,000 wa vyuo vikuu. Baadhi walikaa California, penye jua jingi. Wengine walikaa majimbo ya katikati ya nchi, penye baridi kali. Baadhi waliulizwa kama wanaridhika na maisha yao wenyewe. Majibu yakawa sawasawa! Wa penye jua hawakuridhika zaidi ya wa penye baridi. Lakini wengine walipoulizwa wakisie maisha ya mtu kama wao anayekaa upande mmojawapo, walidhani wale wa California huridhika zaidi.

Sababu yake ni nini? Mtu akiufikiria mji wa mbali, akili yake hukamata kitu kimoja kinachoonekana, kama jua. Husahau kwamba mtu anayekaa pale hashindi akilifikiri jua. Anafikiri kodi ya nyumba, mtoto aliyefukuzwa shule, mwenzake waliyegombana naye jana.

Mlimani na nyika

Sasa turudi nyumbani. Sisi tunalo jua. Je, tunalifuata? Tazama mahali watu walipojaa katika nchi yetu tangu zamani. Ni miteremko ya Kilimanjaro, Meru, Usambara na Rungwe. Mahali hapo pana mawingu na baridi. Wazee walifuata mvua, udongo mzuri na ndizi. Dodoma ina jua la kutosha kugawia dunia nzima, lakini watu hawakuhamia kwa ajili ya jua. Serikali iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma, na tangu mwaka 2016 ofisi nyingi zilihamia kweli. Watu wakafuata ofisi.

Wajerumani nao, waliotoka kwenye baridi yao, walipoitawala nchi hii hawakupenda kukaa juani. Walipanda Lushoto, wakapaita Wilhelmstal. Na leo wageni wa Ulaya hulala juani kwenye mchanga wa Zanzibar, huku mwenyeji amekaa kivulini akiwashangaa. Kila mtu hutamani kile alichokikosa nyumbani.

Katika darasa langu la Lushoto alikuwapo kijana mmoja mwenye mke na watoto wawili. Juni moja alinijia baada ya kisomo. Akasema, "Shikamoo, mwalimu. Nataka kuhamia nyika. Baridi imetuchosha. Watoto wanakohoa, mke wangu ananuna, mimi mwenyewe sina raha. Kule Mombo jua liko kila siku."

Nyika ni jina wanaloliita bonde la chini. Mombo iko kama meta 1,000 chini ya Lushoto. Kila ukishuka meta 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi kama 6. Kwa basi ni safari fupi ya milima na kona, lakini ukishuka unavua koti.

Nilimwambia, "Chukua daftari. Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande huu andika mlimani, upande ule andika nyika. Andika mambo yote ya siku moja, tangu kuamka mpaka kulala."

Kesho yake alileta daftari. Upande wa mlimani alikuwa amejaza mistari kumi na miwili: kijito, shamba la wazazi, migomba, shule, mama mzazi, kuni, hata ukungu. Upande wa nyika alikuwa ameandika neno moja tu: JUA.

Sikumkataza kuhama. Mwalimu asiyekaa kwenye baridi ya mwenziwe asimkataze. Nilimwuliza tu: huko maji mtachota wapi? Mbu je? Shamba utakodi kwa nani? Usiku joto likiwazuia watoto kulala, nani atawapepea? Naye mama yako atabaki na nani? Maswali mengine aliyajibu vizuri kuliko nilivyotazamia. Alikuwa na mjomba huko chini mwenye shamba la mahindi, na mahindi ya nyika hukomaa upesi. Mengine hakuwa na jibu.

Akaamua ashuke peke yake msimu mmoja, aone. Alikaa miezi minne. Alinipigia simu mara moja kusema kwamba amepona kikohozi. Mara nyingine alisema ana malaria na anaitamani ndizi ya kwao. Mke wake, kule mlimani, alikuwa amemwelewa yule mama wa darasani. Kila saa nne alikuwa anawatoa watoto nje.

Sasa wana shamba dogo huku na shamba dogo kule. Wakati wa ukungu familia hushuka kwa mjomba kwa majuma machache. Wakati wa joto kali yeye hupanda. Wazee wengi wa Usambara walilima mlimani na nyika vile vile, ingawa wao walitaka chakula zaidi kuliko jua.

Mara ya mwisho nilionana naye kituo cha basi cha Mombo. Alikuwa anabishana na utingo juu ya nauli ya mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa dirisha kubwa la mbao, lenye vioo, limefungwa kwa magunia. Nikamwuliza ni la nyumba ya nani. Akasema ni la kwake, la mlimani. Fundi alikuwa amekwisha kuja kupima ukuta.

"Ukuta upi?" nikauliza.

"Wa mashariki, mwalimu," akajibu, akapanda basi akalishika dirisha lake kwa mikono miwili.